Sekunde za Kungoja Mashine Iamke

Ikiwa nyumbani kwenu palikuwa na redio ya valvu, bila shaka wakumbuka tabia yake. Ulizungusha kitufe, taa ikawaka, kisha kimya. Valvu hazikufanya kazi mpaka nyuzi zake zipate moto, na aliyechelewa kuiwasha aliikuta taarifa ya habari katikati. Redio ya transista, iliyoingia madukani Marekani mwaka 1954, haikuhitaji moto huo. Ilisema papo hapo.

Kompyuta ndiyo iliyoturudisha kwenye kungoja. Umeme ukizimwa, kumbukumbu yake ya kazi hufutika yote; ukiiwasha yabidi ijikague, kisha isome upya programu zake kutoka kwenye diski. Mwaka 1983, kampuni ya Apple ilipokuwa ikitengeneza Macintosh, Steve Jobs alimwendea mhandisi Larry Kenyon akilalamika kwamba mashine yachelewa kuamka. Alimpigia hesabu: watu milioni 5 wakiokoa sekunde 10 kila siku, ni sekunde milioni 50 kwa siku, kwa mwaka, umri wa makumi ya watu. Hapo alitia chumvi. Nimeirudia hesabu hiyo nikapata miaka 578 hivi, yaani umri wa watu 8 wenye miaka 70. Hata hivyo, watu 8 si haba, na baada ya miezi michache Kenyon alikuwa amepunguza zaidi ya sekunde 10.

Kenyon alitoa jasho mara moja, wanunuzi wote wakafaidi. Lakini iko njia nyingine ya kuharakisha mashine, nayo hulipiwa na mwenye nyumba: kutoiacha ilale kabisa. Zilikuwapo televisheni za valvu ambazo nyuzi zake zilitiwa moto usiku na mchana ili picha itokee upesi. Za leo hukesha zikiisubiri rimoti. Wati 1 isiyozimwa hula karibu uniti 9 kwa mwaka. Wati 10, karibu uniti 88. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1 kwa vyombo vingi vya nyumbani mwaka 2010, na nusu wati mwaka 2013.

Je, chako chala kiasi gani? Jioni moja chomoa jokofu, zima taa, televisheni izime kwa rimoti tu, kisha kaitazame taa ndogo ya mita. Ikiendelea kupepesa, zima na swichi ya ukutani, uitazame tena.