Pietà: Ukoo wa Wasio na Ukoo

Katika kichochoro kinachopita ubavuni mwa kanisa la Pietà mjini Venice, hatua chache kutoka gati la Riva degli Schiavoni, ukuta umebeba bamba la jiwe lenye amri ya mwaka 1548, enzi za Papa Paulo wa Tatu. Amri hiyo inawaonya kwa laana na kutengwa na Kanisa wazazi wote wanaompeleka mtoto katika nyumba ile, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa, ilhali wana uwezo wa kumlea. Tena inasema hawatapata ondoleo la dhambi mpaka walipe gharama yote iliyotumika. Bamba halina lugha ya upole. Amri hiyo ilipotolewa, nyumba ya Pietà ilikuwa na umri wa miaka mia mbili, kwa maana ilianzishwa mwaka 1346 na mtawa wa Kifransisko, Pietro wa Assisi, kwa ajili ya wachanga waliokuwa wakitupwa mitaroni na vizingitini. Wengi leo huisikia nyumba hiyo kwa sababu ya mtu mmoja aliyefundisha pale, Antonio Vivaldi, na hivyo huitazama kama shule ya muziki iliyokuwa na yatima ndani yake. Mimi naona tumeigeuza juu chini. Pietà ilikuwa jamii ya wanawake yenye mila, vyeo, miiko na adabu zake, na jambo kubwa katika mila hizo ni hili: waliolea walikuwa wenyewe wamelelewa pale. Ukali wao, ambao wageni waliusimulia kwa mshangao na wanahistoria wengine wameulaani, haueleweki mpaka ujulikane ulitoka mikononi mwa nani.

Mtoto aliingia kupitia tundu lililokatwa ukutani, dogo kiasi cha kumtosha mchanga peke yake. Aliyemleta aliondoka bila kuulizwa. Ndani, kila kitu kilichokuwa mwilini mwa mtoto kiliandikwa daftarini: nguo aliyofungwa, utepe, karatasi yenye jina, na mara nyingi kipande cha medali au cha picha ya mtakatifu kilichokatwa nusu. Nusu ya pili alibaki nayo mama, ili siku akijaliwa kurudi aunganishe vipande viwili na kumdai mwanawe. Wachache sana walirudi. Daftari lile liliandikwa kwa uangalifu ule ule ambao familia za kiungwana zilitumia kuandika vizazi vyao, na baada ya kuandikwa mtoto alitiwa alama ya herufi P kwa chuma cha moto, mkononi au mguuni. Sisemi jambo hili ni jema. Kumchoma mchanga ngozi ni ukatili, na hakuna enzi inayoutakasa. Lakini sababu yake ilikuwa bayana: mtoto aliyepelekwa kwa mnyonyeshaji wa kulipwa kijijini angeweza kufa na kubadilishwa kwa mwingine ili malipo yasikatike, na pasipo alama nyumba isingejua kama aliyerudishwa miaka kadhaa baadaye ndiye yule iliyemtoa. Vifo vya wachanga katika nyumba zote za aina hii barani Ulaya vilikuwa vingi mno, na Pietà haikusalimika. Anayeizungumzia kwa sifa sharti aanze na makaburi hayo.

Kwa aliyenusurika, swali lililofuata lilikuwa hili: yeye ni nani? Katika Venice swali hilo halikuwa dogo. Tangu mwaka 1297 mlango wa Baraza Kuu ulikuwa umefungwa, na utawala ukabaki mikononi mwa koo zilizokwisha kuwemo. Kuanzia mwaka 1506 kila mtoto wa kiungwana aliandikwa katika rejista ya serikali ili pasiwe na shaka juu ya nasaba yake. Chini ya waungwana nako, kazi, ndoa na dhamana vilipita njia ya jamaa. Hata binti wa kabaila hakuwa salama: mahari, ambayo huko yalitolewa na baba wa bibi harusi, yalipanda hata baba akamudu kumwoza binti mmoja tu, wengine wakasukumwa utawani, wapende wasipende. Katika mji wa namna hiyo mtoto asiye na baba, mama, mjomba wala shangazi hakuwa na pa kushika. Wavulana walifundishwa ufundi wakatolewa walipofika ujana, maana mji uliwahitaji viwandani na melini. Wasichana walibaki. Kutoka kwao, kizazi baada ya kizazi, ukajengeka utaratibu ambao kwa kila hali ulifanya kazi ya ukoo.

Utaratibu huo uligawa wanawake makundi mawili. Walio wengi walikuwa binti wa kawaida, waliofua, kupika, kushona, kufuma lesi, kufanya kazi ya hariri na kuuguza wagonjwa. Wachache, kiasi cha arobaini kwa kawaida, walikuwa binti wa kwaya, walioimba na kupiga ala kanisani mbele ya umma. Wote hawakuwa watawa. Hawakuweka nadhiri yoyote, ingawa waliishi kwa kengele na sala kama wenye nadhiri. Juu yao alikuwepo mkuu wa nyumba, mwanamke, na chini yake wasimamizi wa lango, wa ghala, wa wagonjwa na wa nidhamu. Ndani ya kwaya ngazi zilikuwa wazi: mwanagenzi, kisha mpigaji kamili, kisha mwalimu, na mwisho mstaafu aliyepumzishwa kwa heshima na kuendelea kupata mgao wake. Aliyevunja kanuni alipunguziwa chakula au kushushwa cheo. Mwanakwaya alitakiwa kutumikia miaka kumi na kuwaandaa wanafunzi wawili wa kushika nafasi yake kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo naiona kama kiini cha yote. Katika ukoo wa damu mtu hudaiwa watoto ili jina lisife. Hapa alidaiwa wanafunzi. Jina lenyewe lilitokana na kazi, kwa kuwa hawakuwa na la baba: Anna Maria wa fidla, Pelegrina wa obo, Prudenza wa sauti ya kontralto. Anna Maria aliingia mchanga, akafundishwa pale, akawa mwalimu wa fidla na kiongozi wa kwaya, na akafia pale mwaka 1782 akiwa na takriban miaka 86. Daftari la sehemu zake za fidla lipo hadi leo katika chuo cha muziki cha Venice, na baadhi ya konsato za Vivaldi zimeandikiwa jina lake. Waungwana waliokuwa na rejista yao ya nasaba walilipa ada ili binti zao wafundishwe na wanawake ambao hawakujua hata mama zao.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni kwamba haya hayakuwa mamlaka ya wanawake hata kidogo, kwa kuwa juu ya wote palikuwa na baraza la magavana, wanaume wa koo kubwa, walioshika fedha na kupiga kura. Ni kweli. Vivaldi mwenyewe aliajiriwa na baraza hilo mwaka 1703, likamwondoa kwa kura mwaka 1709, likamrudisha mwaka 1711, na mwaka 1723 likamwekea mkataba wa konsato mbili kila mwezi. Walakini tazama kazi ilivyogawanyika. Mwalimu wa nje alikuja, akatunga, akafundisha waliokwisha kukomaa, akaenda zake. Huenda asionekane kwa miezi akiwa safarini. Msichana wa miaka tisa aliyekuwa akijifunza kushika upinde wa fidla alishikishwa na mwanamke aliyelala jengo moja naye. Waliomwamsha, waliomrudia somo, waliomkemea, waliomuuguza na waliosema yuko tayari kupanda ngazi, wote walikuwa wanawake. Magavana walibadilika, wanawake walidumu miaka hamsini, sitini. Oratorio ya Vivaldi ya mwaka 1716, Juditha triumphans, inalionyesha hilo: sehemu zote za waimbaji, pamoja na ile ya jemadari Holofernes, ziliimbwa na wanawake wa nyumba, na aliyeandika muziki alijua kabisa sauti gani ipo kooni mwa nani. Jamii inayotawaliwa na wengine kifedha bado yaweza kujitawala katika malezi, na malezi ndiyo ninayoyazungumzia.

Pingamizi la pili linatoka kwa wageni. Mwandishi Jean-Jacques Rousseau alikaa Venice mwaka 1743 na 1744, akasikiliza wanakwaya wa Mendicanti, moja ya nyumba tatu dada za Pietà. Waimbaji walikaa nyuma ya wavu wa chuma, wasionekane sawasawa, naye akaungojea kwa hamu mwaliko wa kuwaona. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia jinsi alivyovunjika moyo: huyu ana chongo, yule ana makovu ya ndui, wengi hawana sura aliyoiwazia. Kisha akakaa nao mezani, akaona hawakosi haiba. Simulizi hii hutolewa mara kwa mara kama ushahidi kwamba wavu ulificha unyonge, na kwamba nyumba iliwafungia wasichana ili kuuza sauti zao. Mimi naisoma kwa njia nyingine. Nje ya ukuta, msichana mwenye chongo asiye na mahari wala jamaa hakuwa na thamani yoyote sokoni mwa ndoa, na kazi iliyomngoja ilikuwa utumishi wa jikoni au mbaya kuliko huo. Ndani, alikaa kiti cha kwanza kwa kuwa alipiga vizuri kuliko wenzake. Rousseau aliona ila katika nyuso. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa utaratibu uliompa mtu nafasi kwa kile alichoweza kufanya, katika karne ambayo mwanamke alipimwa kwa sura, mali na baba. Charles de Brosses, msafiri aliyepita Venice mwaka 1739, alitazama vizuri zaidi: alimwona binti mwenye vazi jeupe na maua ya mkomamanga sikioni akiongoza okestra kwa umakini, na wenzake wakipiga fidla, filimbi, obo, selo na basuni, ala ambazo kwingineko zilihesabiwa kuwa za wanaume.

Hata hivyo, haifai kuutetea ukali wote kwa pamoja, kwa sababu haukuwa wa aina moja. Upo uliomlinda na kumwandaa mtoto, na upo uliolinda hazina ya nyumba. Kumtaka mwalimu aache wanafunzi wawili ni wa kwanza. Wa pili unaonekana dhahiri katika kanuni ya ndoa: mwanakwaya aliyeolewa alitakiwa, yeye na mumewe, kuahidi kwamba hatapiga wala kuimba hadharani mjini tena. Aliyesomeshwa kwa miaka ishirini alitoka na mahari mkononi na kinywa kilichofungwa, ili wasikilizaji na sadaka zao zisihame. Hapa nyumba ilimfanyia binti yake kile ambacho koo kali zote huwafanyia binti zao, yaani kuhesabu kipaji chake kuwa mali ya ukoo. Kwamba haikuwa lazima, tunajua kwa mfano wa Maddalena Lombardini. Alizaliwa mwaka 1745, akalelewa Mendicanti, akaruhusiwa kwenda kusoma fidla kwa mwalimu Tartini huko Padova, na mwaka 1767 akaolewa na mpiga fidla Lodovico Sirmen. Mwaka uliofuata alipiga Paris, na mwaka 1771 akasikika London. Tungo zake zilichapwa na kuuzwa. Mafunzo aliyoyapata nyuma ya wavu yalitosha kusimama popote. Kwa kila Lombardini mmoja aliyefunguliwa njia, wapo ambao ustadi wao uliishia siku ya harusi, na hasara hiyo haifutwi na uzuri wa muziki uliobaki.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, nalo linawahusu wale binti wa kawaida. Hakuna aliyewaandikia konsato. Wageni waliokuja kwa gondola jioni hawakuuliza majina yao, na vitabu vya historia ya muziki vinawapita kama vinavyopita ukuta. Je, ukoo ninaousifu ulikuwa wa arobaini tu, ukibebwa mgongoni na mamia ya wafuaji na wafumaji? Kwa sehemu, ndiyo. Mgawanyo wa heshima haukuwa wa haki, na fedha zilizotokana na lesi na hariri ziliisaidia nyumba bila kuleta sifa kwa mikono iliyozifuma. Lakini kanuni ya msingi iliwafikia pia: nao walikuwa na ngazi zao za usimamizi, nao walifundisha wadogo kazi, nao walizeekea pale bila kutupwa mara ya pili, jambo ambalo mtumishi wa nyumba ya mtu hakuahidiwa. Na kwaya yote ilisimama juu ya kazi iliyokuwa yao. Mtoto aliyewekwa katika tundu hakupokelewa na mpiga fidla maarufu wala na gavana. Alipokelewa na wanawake hao, wakamfungua nguo, wakamsafisha, wakamtafutia maziwa. Nyumba nyingine tatu zilipofilisika katika miongo ya mwisho ya karne ya 18, na Jamhuri ya Venice yenyewe ilipoanguka mbele ya Napoleon mwaka 1797, kwaya zilinyamaza moja baada ya nyingine. Upokeaji wa watoto Pietà haukusimama, na taasisi hiyo ingali ikihudumia watoto na mama zao mjini Venice.