MASHINE IKIAMUA, TUMWULIZE NANI?

Mimi ni mzaliwa wa Kitui ingawa nasomea huku Makueni. Likizo ya Agosti nilimkuta mjomba amekaa nje, simu mkononi, uso umekunjamana. Mvua za vuli hazikuwa mbali, naye alitaka mkopo mdogo anunue mbegu za ndengu. Aliomba kwa simu. Kabla hajameza mate, jibu likaja: ombi limekataliwa.

"Nani amekataa, mjomba?"

"Si mtu, mpwa wangu. Ni simu tu."

Kwa hakika hakukosea. Kampuni nyingi za mikopo ya simu huiachia programu ya kompyuta kazi hiyo. Hutazama unavyotuma na kupokea pesa na ulivyolipa madeni ya zamani, kisha inakupa alama. Hapo ndipo akili unde inapoingia: mashine iliyofunzwa kwa taarifa za watu wengi mpaka ikaweza kukisia na kuamua. Lakini mkulima hushika pesa baada ya mavuno tu. Mashine iliyozoea watu wa mshahara yaweza kumwona kama mtu asiyelipika.

Je, tuipige marufuku? La hasha! Hebu tutazame mchanga wetu. Malori yalipouchota ovyo, maji yalipotea mitoni, kwa maana mchanga ndio unaoyahifadhi. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Haikuukataza, ilidai kibali na kuunda mamlaka ya kusimamia. Akili unde nayo huchota taarifa zetu. Isimamiwe vivyo hivyo.

Mlango tayari upo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa Mkenya haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Ikitokea hivyo, ajulishwe kwa maandishi, naye aweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Hata hivyo, haki hiyo ina mianya. Mmoja ni pale mtu anapokuwa amekubali mwenyewe. Na ni nani kati yetu husoma masharti kabla ya kubonyeza "nakubali"? Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, katika sheria yao ya 2024, wameweka upimaji wa wakopaji kati ya matumizi yenye hatari kubwa, yanayotaka usimamizi wa binadamu.

Kwa maoni yangu, sheria yetu iongeze mambo matatu. Kwanza, kampuni ieleze sababu ya kukataa kwa lugha anayoielewa mwombaji. Pili, pawe na mtu wa kupigiwa simu, si mashine nyingine. Tatu, programu ijaribiwe kwa wakulima na wachuuzi kabla ya kutumiwa kuwaamulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilimweleza mjomba kifungu hicho. Akatikisa kichwa, akaniuliza, "Sasa huyo wa kufikiria upya anakaa wapi, nimwendee?"

Sikuwa na jibu. Waheshimiwa wabunge, ninyi mnalo?