Msafiri akila Kibiti, mkulima wa delta ameuza

BASI la Lindi au Mtwara likisimama Kibiti, kilomita takriban 140 kutoka Dar es Salaam, abiria hupewa dakika chache tu za kula. Ni katika dakika hizo mchele, samaki na nazi za Rufiji hupata mnunuzi au humkosa.

Zamani mlaji hakuwa na haraka. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, kufunguliwa mwaka 2003, magari yalipanga foleni Ndundu kungoja kivuko, na foleni ilikuwa soko. Daraja lilipokamilika, soko likahamia pale dereva anapoamua kusimama.

Kibiti mjini, stendi na kandokando ya barabara kuu, ni pa wali, ugali, maharage na chipsi. Hapo pia ndipo wanapochepuka waendao Mloka na lango la Mtemere, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ikwiriri, jirani na daraja, ni pa perege na kambale wa mtoni. Nyamisati, bandari ya wasafiri wa Mafia, mteja husubiri chombo, hivyo ana muda wa kuagiza wali wa nazi kwa kamba au kaa wa kwenye mikoko.

Mloka hali ni tofauti. Mgeni wa hoteli za kitalii kwa kawaida hulipia malazi na milo pamoja, kwa hiyo hatafuti mgahawa kijijini. Mkulima atafaidika naye kwa kuuzia jiko la hoteli, na jiko hilo linataka nyanya, mchicha na mayai kwa siku na kiasi kilichoahidiwa.

Chukulia mama lishe wa Kibiti anayeuza sahani 40 za wali kwa siku. Kilo moja ya mchele ikitoa sahani saba, anahitaji kilo sita hivi kila siku, yaani kilo 180 kwa mwezi. Wakulima wachache wakikubaliana naye bei na siku ya kuleta, wana mteja wa uhakika bila kungoja lori la mlanguzi. Lakini waweke akiba: mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na mama lishe asiyepata mchele kwao hununua kwingine.

Kwa mfanyabiashara, kinachomvuta abiria ni chakula kilichoiva kabla basi halijafika, bei iliyoandikwa ubaoni, maji ya kunawa na choo safi. Akivikosa, atavumilia njaa hadi Somanga, na fedha yake itavuka daraja pamoja naye.