Fahamu: Sheria inasemaje kuhusu bidhaa hatari Lamu?

Ni bidhaa gani?
Ni zile zinazoweza kuwaka, kulipuka au kutia sumu: petroli, tindikali, dawa za wadudu.

Kwa nini Lamu?
Mizigo mingi ya kisiwani Amu (Lamu) huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Dumu la petroli likivuja, abiria, samaki na mikoko huwa hatarini.

Nani ana mamlaka?
EPRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nishati na petroli, hutoa leseni za biashara ya mafuta. Chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, anaweza kukagua jengo, gari au chombo cha majini bila kibali cha mahakama, na kuchukua sampuli.

Adhabu ni ipi?
Chini ya sheria hiyohiyo, anayekiuka kanuni za kemikali hatari, au kubandika kemikali hizo lebo isiyo sahihi kwa kujua, hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 1, au hupewa kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote viwili.