Kijana Wako Anatafuta Chumba Pugu

Wazazi mlio vijijini, siku hizi ni nyumba chache zisizo na mtoto Dar es Salaam. Huyu amepata kazi ya kulinda ghala, yule anajifunza kushona, wa tatu hajapata kitu ila amekwisha kuondoka. Nyumbani mwaulizana habari za kazi yake na afya yake. Lakini jambo la kwanza limpatalo kijana akishashuka kwenye basi si kazi. Ni mahali pa kulala. Kwanza atakaa kwa mjomba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mjini hakuna jembe la kumpa, na mke wa mjomba ana vyumba viwili na watoto watano. Ndipo simu inapofika kijijini: "Baba, nimeona chumba Pugu. Wanataka kodi ya miezi sita."

Hapo baba hutazama zizini, na mama hutazama magunia. Basi kabla hamjauza mbuzi wala mahindi, yafaa mjue fedha hizo zinakwenda wapi.

Mbona Pugu? Ni kwa sababu mjini hapana nafasi. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 272,821. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu hao wote hawawezi kulala Kariakoo na Ilala. Kadiri unavyokaribia bahari kodi hupanda, na kadiri unavyokwenda bara hushuka. Na Pugu iko kama kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji, chini ya vilima vya kwenda Kisarawe. Hata hivyo ni ndani ya Wilaya ya Ilala, si mkoa mwingine, ingawa mgeni akiona minazi, mihogo na msitu ule wa hifadhi hudhani amerudi kwao.

Tena Pugu si mahali pa jana. Wabenediktini walijenga misioni yao ya kwanza huko mwaka 1888. Haikudumu. Mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, ilishambuliwa na kuchomwa. Watawa watatu wakauawa na wengine wakatekwa. Baadaye ilikuja shule kubwa ya Mtakatifu Fransisko, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka Machi 1955, alipoacha kazi ile kwa ajili ya siasa. Siku zile kutoka Pugu kwenda mjini kwa miguu ilikuwa safari ya saa nyingi, na Mwalimu mwenyewe aliijua.

Sasa reli ndiyo inayougeuza mji. Mwaka 2016 treni ya abiria wa mjini ilianza kufika Pugu kwa reli ya zamani. Mwaka 2024 treni ya umeme ya Morogoro na Dodoma ilianza kazi, na Pugu ina stesheni katika njia hiyo. Watu wakisikia stesheni, viwanja hupanda bei, na kiwanja kikipanda chumba nacho hupanda. Kwa hiyo ukiambiwa "mwaka juzi hapa palikuwa rahisi", ni kweli, lakini haikusaidii.

CHUMBA CHENYEWE

Nyumba nyingi za kupanga ni zile za Kiswahili mnazozijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba kina mpangaji wake, pengine mtu mmoja, pengine mke na mume na watoto. Mwenye nyumba mara nyingi anakaa humo humo katika chumba kimoja. Ziko pia nyumba mpya za vyumba na sebule, zenye choo ndani, na hizo kodi yake ni nyingine kabisa. Kijana anayeanza maisha azitazame tu na kupita.

Tuseme chumba ni Shs. 60,000/- kwa mwezi. Natoa mfano tu, wala si bei ya serikali. Miezi sita ni Shs. 360,000/-. Dalali aliyekionyesha hutaka kodi ya mwezi mmoja, yaani Shs. 60,000/- nyingine, nazo hazirudi. Kabla ya hapo alikwisha kuchukua fedha ya usumbufu, kwa kuwa alitembea nawe juani, tuseme Shs. 10,000/-. Jumla ni Shs. 430,000/-, na kijana bado analala sakafuni, maana godoro, ndoo, sufuria na jiko havimo. Mwenye nyumba akikubali miezi mitatu, jumla hushuka mpaka Shs. 250,000/-. Tofauti hiyo ya Shs. 180,000/- ni mahindi mangapi kwenu? Hesabuni wenyewe kwa bei ya soko lenu.

Sisi hatusemi kuwa wenye nyumba wote wana roho mbaya. Mwenye nyumba wa Pugu mara nyingi ni mama mjane au mzee aliyestaafu. Alinunua kiwanja miaka mingi iliyopita, akajenga tofali kwa tofali, na vyumba viwili vya nyuma havijapata bati mpaka leo. Kodi ya miezi sita ndiyo benki yake. Kwayo hununua saruji. Kwa maneno mengine mpangaji humkopesha mwenye nyumba bila riba. Ukilijua hilo unaweza kuzungumza naye vizuri. Mwambie: "Mama, nikupe miezi mitatu sasa, na mitatu nyingine baada ya mavuno, tuandike." Wengi watakataa, lakini mara moja moja huyu wa tatu au wa nne hukubali, hasa kama chumba kimekaa wazi muda mrefu.

Mtu atauliza, je, serikali haizuii? Ilikuwako sheria ya kuzuia kodi zisipande ovyo, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni mapatano ya watu wawili, na mwenye shida ndiye apatanaye vibaya. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lina nyumba zake, lakini si hizi za uswahilini tunazozisema.

Uholanzi wamefanya vingine. Huko kuna miji midogo ya kale, kama Veere na Enkhuizen, yenye nyumba za matofali zilizojengwa zamani za merikebu za matanga, na watu wanapanga humo mpaka leo. Nyumba hupewa alama: ukubwa wa vyumba, jiko, bafu, na jinsi inavyotunza joto wakati wa baridi. Alama zikijumlishwa ndizo zionyeshazo kodi ya juu inayoruhusiwa, na tangu tarehe 1 Julai 2024 jambo hili limewabana wenye nyumba wengi zaidi kuliko kwanza. Fedha ya dhamana nayo, tangu Julai 2023, haiwezi kuzidi kodi ya miezi miwili. Mdutchi akiambiwa alete ya miezi sita au mwaka mzima angedhani anauziwa nyumba! Lakini msidhani basi kwamba huko ni raha. Nyumba hazitoshi, na wengi hungoja miaka kwenye orodha. Sheria ya bei haijengi chumba kipya. Kwa maoni yangu sisi tungeanza na kidogo: kuweka kikomo cha miezi ya kulipa mbele. Neno hili limesemwa Bungeni zaidi ya mara moja, na madalali nao wamelisikia.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Dalali si mwenye nyumba. Wako madalali waaminifu, nao wajua kila kichochoro. Bila wao mgeni angetembea juma zima bure. Lakini wako pia watu wanaokodisha chumba kimoja kwa watu watatu kwa siku moja, kisha simu inazimwa. Mwingine ni mpangaji tu, kodi yake imebaki juma moja, naye ajifanya mwenye nyumba. Kijana asimpe mtu fedha ya kodi barabarani wala kwa simu kabla hajaonana na mwenye nyumba uso kwa uso, ndani ya nyumba hiyo, na wapangaji wengine wakiwapo. Kisha aende kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa aulize: nyumba ile ni ya nani? Haichukui nusu saa. Na kama ana jumuiya ya kusali mtaani hapo, awaulize nao. Kina mama wale hujua nani ana ugomvi wa urithi na ndugu zake. Nyumba yenye ugomvi wa urithi ikimbieni, hata ikiwa nzuri, maana mpangaji hulipa leo kwa kaka na kesho dada humtoa.

Chumba chenyewe kitazamwe mara mbili, mchana na usiku. Mchana kijana ataona bati na kuta. Akiona ukutani alama ya maji imefika magotini, ajue masika huingia. Vilima vya Pugu hushusha maji mengi, na waliojenga mabondeni ndio wanaoyapokea. Usiku atasikia yale yasiyoonekana mchana: baa ya jirani, au malori. Huko Mnadani ndiko kuliko mnada mkubwa wa ng'ombe wa jiji, na magari ya mifugo hufika saa zozote. Kwa kijana aliyekulia na ng'ombe hiyo ni nafasi ya kazi, si kero. Kuhusu Kinyamwezi ni lazima niseme wazi: ndiko liliko dampo la takataka za jiji. Vyumba vya karibu huweza kuwa vya bei ndogo, na harufu ndiyo sababu. Mama mwenye mtoto mchanga asikubali kushawishiwa na bei.

Aulize maji. Je, bomba liko uani au ni la jirani? Linatoka kila siku au mara mbili kwa juma? Ya kisima yana chumvi? Asimwulize dalali, amwulize mama anayefua hapo uani. Ndoo za kununua kila siku zaweza kula fedha kuliko tofauti ya kodi kati ya chumba hiki na kile. Nauli ni hivyo hivyo. Anayefanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi hulipa nauli mara 52, pengine mara mia na zaidi ikiwa hubadili gari njiani. Kodi ya Pugu ikijumlishwa na nauli, wakati mwingine hulingana na kodi ya Buguruni, na kijana amepoteza saa nne barabarani kila siku.

Tena umeme. Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote, na ugomvi wa wapangaji wengi huanzia hapo. Mwenye taa moja huchangia sawa na mwenye friji na pasi. Aulize mapema wanachangaje, na friji ni ya nani. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU; ilianza kwa Shs. 1,000/- kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye akatwaye kwanza. Yafaa iandikwe katika mkataba kwamba itatolewa kwenye kodi ya chumba.

Naam, mkataba. Usiwe wa mdomo. Karatasi moja yatosha: majina, chumba kipi, kodi ni kiasi gani, imelipwa ya miezi mingapi, inaanza na kwisha tarehe gani, maji na umeme vinalipwaje, na nani atatengeneza bati likivuja. Watie sahihi wote wawili na mashahidi. Serikali ya mtaa hupiga mhuri. Kila kijana atoapo fedha apate risiti, au alipe kwa simu kwa namba ya mwenye nyumba mwenyewe, ujumbe ubaki. Kwa upangaji uendao mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka anayeuvunja atoe notisi isiyopungua muda huo wa kodi. Wakishindwana kabisa, liko Baraza la Kata la kuwapatanisha, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza husoma karatasi. Asiye nayo atabaki kuapa tu.

Kijana akihama, atoe taarifa mapema kama mkataba ulivyosema, afagie chumba, na amkabidhi mwenye nyumba ufunguo mkononi mbele ya mtu mwingine, siyo kuuacha kwa jirani. Deni la umeme lihesabiwe siku hiyo hiyo. Na kama miezi iliyolipwa haijaisha, amwambie mwenye nyumba kabla dalali hajaleta mtu: wako wanaokubali mpangaji mpya amrudishie wa zamani miezi iliyobaki, nao huandika jambo hilo nyuma ya mkataba ule ule.