Je, wajua? Kwenye chumvi, sodiamu huanza na hasara

Pale gengeni Bombambili, Songea, ukinunua chumvi ya mawe, chagua punje moja kubwa uiangalie juani. Ina pembe za mraba kama kisanduku. Igonge kwa kisu: itapasuka kwa mstari ulionyooka, na vipande vitakuwa na pembe zile zile.

Shuleni tulichorewa sote ubaoni: sodiamu ina elektroni 11, zimekaa 2, 8, 1, klorini ina 17, yaani 2, 8, 7. Unachorwa mshale, elektroni moja inahama, kila upande unabaki na nane nje, basi. Mchoro huo unaniudhi. Unaifanya sodiamu ionekane karimu, na kazi ionekane imekwisha.

Piga hesabu kama mchuuzi wa mahindi. Atomi zikiwa gesi, kuing'oa elektroni ile kutoka kwa sodiamu hugharimu kilojuli 496 kwa moli. Klorini ikiipokea hurudisha 349 tu. Hasara ni 147. Nani anaifidia? Umati. Sodiamu sasa ina chaji chanya, klorini ina hasi, nazo hazivutani mbili mbili: kila ioni, yaani atomi yenye chaji, huzungukwa na sita za upande wa pili, kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu na chini. Zikijipanga hivyo hutoa kilojuli 787. Deni limelipwa, faida imebaki.

Kwa hiyo ndani ya punje hakuna wenzi wawili wawili. Kuna safu tu. Kuzivunja kwa moto kunahitaji nyuzi 801 za Selsiasi. Lakini kisu kikisogeza safu hatua moja, chanya hukabiliana na chanya, zinasukumana, na punje inapasuka.

Uhamaji wa elektroni, kama ule wa sodiamu na klorini, pia hutuibia. Tangu miaka ya 1990 chumvi yetu huongezwa madini joto, yaani iodini, kwa kawaida kama iodati ya potasiamu, ili kuzuia rovu, ugonjwa ulioyasumbua sana maeneo ya nyanda za juu. Chumvi ikiwa chafu na yenye unyevu, iodati hupokea elektroni kutoka kwenye ule uchafu, inageuka iodini, na iodini hupaa. Nasi tunaacha magunia wazi, juani na mvuani! Kiwandani madini yametiwa, njiani na gengeni yanapotea, na mlaji hana habari.

Matumizi mengine ya chumvi mnayajua: kukausha samaki, kuhifadhi ngozi, maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, kutengeneza klorini ya kutibu maji.

Ukifika nyumbani, ili madini joto yasipotee, mimina chumvi kwenye kopo kavu lenye mfuniko, uliweke mbali na jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.