Karani, Mchumaji na Saa Mbili za Jioni

Kimulot, kwenye mpaka wa Bomet na Kericho, jani moja la chai huwalisha watu wa aina mbili. Mmoja hutoka nyumbani alfajiri, hujifunga aproni ya plastiki kiunoni, hubeba kikapu mgongoni na kupita katikati ya michai akipanda na kushuka hadi alasiri. Mwingine huketi mbele ya kompyuta akiingiza kilo alizochuma mwenzake, akikagua makato, akijibu simu za wakulima wanaotaka kujua malipo yao. Jioni wote wawili hoi. Ila mmoja amechoka miguu, mgongo na mikono. Mwingine amechoka akili, macho na shingo, na miguu yake haijafanya lolote tangu asubuhi. Hii ndiyo sababu siwezi kuwashauri wafanyakazi wote wapumzike kwa namna moja. Ninayemwandikia leo ni yule wa kompyuta: karani wa kiwanda, mhasibu wa Sako, afisa wa kaunti, mwalimu aliyejazwa kazi za ofisi.

Tofauti ya watu hawa wawili imechunguzwa kwa makini, ingawa si katika chai. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi lile lile siku kutwa akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na uliowapata uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na kuwaua kwa uchache. Morris alipogeukia posta akakuta mfano ule ule: waliotembea wakigawa barua walikuwa salama kuliko makarani na wapokea simu waliokaa vitini.

Wapinzani wake waliuliza swali la haki kabisa. Je, kama wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo? Kundi lake likaenda kwenye rekodi za sare na kuangalia viuno vya suruali. Ni kweli madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini hata ukimlinganisha dereva na kondakta wenye kiuno sawa, kondakta bado alikuwa na nafuu. Uchunguzi huo wa sare ulitoka mwaka 1956, na kwangu ni mojawapo ya kazi safi zaidi za afya ya kazini, kwa kuwa mtu alitafuta jibu katika daftari ambalo hakuna aliyedhani lina habari za moyo.

Simaanishi kwamba mchumaji wa Kimulot ana maisha mepesi. Mzigo wa kikapu huumiza mgongo, baridi ya asubuhi na umande huingia mifupani, na mvua ya mawe haimwonei mtu huruma. Moyo wake hufanyishwa kazi. Viungo vyake hulipia. Ninachosema ni kwamba karani hana faida hata hiyo ya moyo, na kama hakuipata kazini hana budi kuitafuta baada ya kazi.

Inapatikana baada ya kazi? Morris alijiuliza hivyo hivyo. Kati ya 1968 na 1970 aliwachukua watumishi wa serikali ya Uingereza, wanaume karibu 17,000 wa umri wa makamo, wote watu wa ofisi. Jumatatu asubuhi, bila kutarajia, waliombwa waandike walichofanya Ijumaa na Jumamosi zilizopita, kwa vipindi vya dakika tano tano. Matokeo yalitoka mwaka 1973: waliokuwa na shughuli za kutoa jasho hasa siku za mapumziko walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha kama theluthi moja ya wenzao. Katika shughuli hizo alihesabu kuogelea, kutembea kwa kasi, na hata kulima bustani kwa nguvu. Tangu siku hiyo, anachokifanya karani Jumamosi kimekuwa suala la tiba.

Sasa nije kwenye gemu za video, burudani ya karani isiyotoa jasho, kwa sababu ndizo ninazoulizwa zaidi, na mara nyingi anayeuliza ni mke au mama aliyekasirika.

Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mambo manne ambayo muda wa jioni unapaswa kumpa mfanyakazi ili arudi kazini mzima: akili iachane na kazi, mwili utulie, mtu apate kitu cha kukimudu hatua kwa hatua, na awe na uhuru wa kujipangia saa zake. Pima gemu kwa mizani hiyo utaona haikosi heshima. Karani aliyeshika padi kwenye banda la gemu pale sokoni, au anayecheza soka kwenye simu, hawezi kuwaza hesabu za bonasi ya chai huku winga wa mwenzake anaingia kwenye boksi. Akili imeachana na kazi, tena kwa nguvu kuliko inavyoachana mtu akitazama televisheni, kwani mbele ya televisheni mawazo hurudi ofisini bila kuomba ruhusa. Kukimudu kupo pia: leo umefungwa matano, wiki ijayo unafungwa mawili. Shawn Green na Daphne Bavelier walionyesha katika jarida la Nature mwaka 2003 kwamba wachezaji wa gemu za vitendo walikuwa wepesi kugundua vitu vingi machoni kwa wakati mmoja, na kwamba wasiocheza walipofunzwa gemu hizo nao walipanda. Kwa hiyo sikubaliani na anayemwambia mtu mzima mwenye kazi kwamba gemu ni utoto. Kijana wa ofisini anayecheza saa moja kisha akala, akazungumza na watu wake na kulala, amefanya jambo la maana.

Kasoro ni kiti. Gemu humfariji karani katika mkao ule ule uliomchosha. Shingo imeinama, macho yako kwenye kioo, makalio hayajahama. Saa nane za ofisi, saa moja ya matatu, saa mbili za gemu. Uchambuzi mkubwa wa Ulf Ekelund na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 ukijumuisha watu zaidi ya milioni moja, ulikuta kwamba ongezeko la hatari ya kufa litokanalo na kuketi zaidi ya saa nane kwa siku hufutika kwa watu wanaofanya mazoezi ya wastani kwa dakika 60 hadi 75 kila siku. Hiyo ni dakika nyingi kwa mtu mwenye ng'ombe wa kukama na watoto wa kusomesha. Ndiyo maana sisemi "acha gemu". Nasema gemu isiwe burudani ya kwanza baada ya kiti. Mwili upewe haki yake kwanza, hata dakika ishirini, kisha padi ishikwe.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake hazihusiani na wingi wa saa peke yake: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona inamharibia, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Wengi wanaolaumiwa nyumbani hawafiki huko. Jambo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kile kindege cha Aviator kinachopaa kwenye simu huku shilingi zikihesabiwa si gemu, hata kama kina rangi na sauti za gemu. Ni kamari. Hakuna ustadi wa kuukuza pale, hakuna kesho ya kuwa bora kuliko leo, na katika mambo manne ya Sonnentag na Fritz kinaharibu yote: anayecheza hadi kudaiwa mkopo wa simu hawezi kuiacha kazi ofisini, hatulii, na saa zake si zake tena. Msimu wa bonasi ya chai, pesa zinapoingia kwa mkupuo, ndio wakati wa kuwa macho.

Turudi kwenye mwili. Kuna kizuizi cha ajabu katika nchi hii ya milima, nacho ni ubingwa wenyewe. Kericho ilimtoa Wilson Kiprugut Chuma, aliyeshinda shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na fedha kule Mexico mwaka 1968. Tangu hapo anayeonekana barabarani na viatu vya kukimbia hudhaniwa anajiandaa kwa mashindano. Mhasibu wa miaka arobaini na tano mwenye kitambi, akipitwa na vijana wanaoteleza kama upepo kwenye mwinuko, huona aibu na kurudi nyumbani asikimbie tena. Ingefaa tutenganishe mambo haya kabisa. Mwanariadha anatafuta sekunde. Mhasibu anatafuta shinikizo la damu lishuke na usingizi uje.

Kipimo chake ni pumzi. Ukitembea kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba, hiyo ni kazi ya wastani, na Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa wiki, au 75 hadi 150 za kasi ya kukata pumzi, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Kwenye miinuko ya hapa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mgeni aliyehamishwa kutoka Mombasa au Kisumu atafika kiwango hicho kwa kutembea tu kilimani. Asiogope moyo kumdunda wiki za mwanzo. Aende taratibu. Lakini maumivu ya kifua, au kizunguzungu, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu kuna mvua. Hapa hunyesha alasiri kwa miezi mingi, barabara za ndani zinakuwa tope, na giza huingia karibu saa moja. Kwa mwanamke hasa, kutembea peke yake kando ya mashamba ya chai gizani si ushauri ninaoweza kuutoa. Basi mazoezi yaje nyumbani, na nyumba ya chumba kimoja inatosha. Keti kwenye kiti na usimame bila kushika chochote, mara kumi, pumzika, rudia. Pushapu anza ukisukuma ukuta, si sakafu; mikono ikizoea shuka kwenye meza, kisha chini. Kizingiti cha mlango ni ngazi tosha ya kupanda na kushuka kwa wimbo mzima wa redio. Jerikeni la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kama kilo 20. Kwa anayeanza, lijae nusu, libebwe mgongo ukiwa wima. Kamba ya kuruka ni nzuri ikiwa magoti yako salama na jirani wa chini hayupo. Sioni haja ya kununua mashine.

Na ofisini kwenyewe, usingoje jioni. Mwaka 2012 David Dunstan na wenzake nchini Australia waliwaketisha watu wazima wanene saa nyingi, kisha siku nyingine wakawainua kila baada ya dakika 20 watembee dakika mbili tu. Sukari katika damu baada ya kinywaji cha chakula ilipanda kwa uchache, pungufu ya karibu robo au zaidi. Karani anayenyanyuka kupeleka faili kwa miguu badala ya kupiga simu anafanya tiba hiyo bila kujua. Chai yetu ya saa nne, yenye maziwa na sukari tele, inywewe umesimama nje ya mlango.

Kuna burudani moja ambayo watu wa Kimulot wanayo na wanaidharau. Wengi wa ofisini wana kipande chao cha chai, na huajiri vibarua wa kukichuma. Sisemi kibarua anyimwe riziki. Lakini Jumamosi asubuhi chuma mistari miwili mwenyewe, au mkatie ng'ombe majani ya nepia, au lima kitalu cha sukuma wiki kwa jembe hadi shati lilowe. Morris alihesabu jembe kuwa zoezi, nami nalihesabu. Tena humpa mtu kile ambacho pushapu hazimpi, yaani kuona mwisho wa kazi yake kwa macho, baada ya wiki nzima ya tarakimu zisizoisha.

Yote haya yanadai saa, na saa hazikugawanywa sawa. Mwanamke wa ofisini akifika nyumbani huanza zamu ya pili: kukama, kupika, kukagua kazi za shule za watoto. Ukimwambia atafute burudani umemwongezea kazi ya tatu. Katika yale mambo manne, analokosa yeye ni la mwisho, uhuru wa kujipangia saa zake, na hilo halitibiwi kwa mazoezi. Linatibiwa na mume anayeshika sufuria Jumanne na Alhamisi, na watoto wakubwa wanaojua kukama.

Burudani inahitaji pia paa. Tangu kampuni za chai zilipoanza kupanda hapa katika miaka ya 1920, kambi nyingi za wafanyakazi zimejengewa viwanja vya mpira na kumbi za starehe. Ukumbi wa kambi ukifunguliwa kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, ukiwa na taa, mikeka kumi na kamba za kuruka, utamfaa karani mvua ikinyesha, utamfaa mchumaji anayehitaji kunyoosha mgongo ulioinama kutwa, na mama atafika na watoto wake bila kupita gizani peke yake. Gharama yake ni mlinzi mwenye ufunguo na bili ya stima. Wasimamizi wa mashamba na wawakilishi wa wadi wanaweza kulipanga jambo hili kabla ya mvua ndefu zijazo.